Mgeni Aliyejua Rangi ya Robe Yangu

"Jana ulivaa robe ya kijani."

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mtu yule, na lilihusu gauni langu la kanisani. Hakunisalimu. Alisimama kwenye lango letu hapa Butembo, Jumatatu mchana, buti zimejaa udongo, mkono mmoja ndani ya koti.

Ndugu mnaonisoma, sikuwahi kumwona maishani mwangu.

"Ulisimama mbele ya kanisa na mama moja wa kitenge cha njano," akaendelea. "Ule njo mama yako?"

Nililishika lango kwa mikono miwili.

"Papa, unanitafutia nini?"

"Unirudishie bibi yangu."

Mke wake! Hapo nikajua nimekwisha...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mjue kwa nini niliogopa hivyo.

Naitwa Joyeuse. Nilimaliza informatique, masomo ya kompyuta, mwaka jana. Kazi bado, ila Jumamosi ya wiki hiyo nilikuwa na jaribio la kazi kwenye shirika moja, na tulikuwa tumebaki watu watatu tu. Wakati nasubiri, nilikuwa napita duka kwa duka nikiwafundisha wafanyabiashara mambo ya cloud, bure.

"Cloud ni depo," nilikuwa nawaambia. "Simu yako ni duka la mbele tu. Mali unaiweka depo, mbali, kwenye mashine kubwa za watu wengine. Duka likiungua, au ukikimbia nyumba bila kubeba kitu, mali bado iko. Wewe unabaki na ufunguo, yaani mot de passe, neno la siri."

Niliyaamini maneno hayo kwa moyo wote. Bado ninayaamini.

Lakini wiki tatu kabla ya mgeni yule, nilifungua simu yangu nikakuta picha ambazo sikupiga mimi.

Wanaume porini. Kila mmoja na panga lake. Mmoja ameliinua juu, anacheka.

Ninyi mnaoishi huku mnanielewa: waasi wanaoua watu mashambani hubeba mapanga. Barabara ya Beni ina vizuizi, na kwenye kizuizi askari anaweza kukuomba simu. Ningemweleza nini?

Nikazifuta. Zote, mia nne na kumi na mbili. Sikutazama hata sura za watu. Sikumwambia hata Mama.

Na sasa, nilijiambia, mtu wa mapanga alikuwa langoni.

"Papa, mimi sijue bibi yako."

"Unamujua. Ulimutosha, ulimutoa mu simu yangu."

Akautoa mkono ndani ya koti. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, alikuwa ameshika simu yenye kioo kilichopasuka. Juu yake nilikuwa mimi. Robe ya kijani, Mama, kanisa. Picha niliyopigwa jana yake, kwa simu yangu mwenyewe.

"Ju ya nini foto zako ziko zinaingia mu simu yangu?" akauliza. "Na zangu zikapotea, miye niko naangalia tu. Za Faida zote. Nikaona foto ya duka ya mama yako, jina ya duka iko juu ya mulango. Njo nimekuya nauliza tangu asubui."

Akarudi nyuma hatua moja. Nikagundua kitu: yeye pia alikuwa ananiogopa.

"Papa, simu ulinunua wapi?"

"Beni, kwa Précieux, wiki tatu zimepita. Njo alinifungulia yote, akaingiza foto za simu ya zamani. Alisema mambo ya mot de passe nisisumbuke."

Précieux... Hata yangu niliinunua kwake. Ili asipoteze muda, kijana yule alikuwa na akaunti moja tu, anaiweka kwenye simu ya kila mteja. Watu wote hao, depo moja, ufunguo mmoja, ingawa labda wengi hawakuwasha kuhifadhi picha. Na mimi, mwalimu wa depo, sikuwahi kujiuliza nani mwingine anaingia kwenye yangu. Nilipofuta kwangu, kwa papa huyu pia zilifutika.

"Na batu ba mapanga ni banani?"

Alinishangaa.

"Njo sisi, tuko tunapasua kakao. Kwetu Oicha. Hukuona kakao hapo chini?"

Sikuona. Nilikuwa naangalia mapanga.

Nilimvutia kiti. Jina lake ni papa Kahongya. Nikamwonyesha corbeille, kapu la vilivyofutwa: cloud haitupi kitu papo hapo, inakiweka pembeni siku kadhaa kwanza. Mtandao ulikuwa dhaifu, duara likazunguka, likazunguka... Nilikuwa nasali kimoyomoyo.

Zilikuwa zimebaki siku sita zifutike kabisa.

Picha ya kwanza kurudi ilikuwa ya mwanamke wa kitambaa cha buluu, ameketi kando ya kakao iliyoanikwa, anamchekea anayempiga picha.

Papa Kahongya hakuigusa simu.

"Njo yeye," akasema.

Faida aliuawa shambani mwaka jana. Mume akakimbilia Beni na watoto. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa misa yake ya mwaka mmoja, huko Beni.

Nikafungua akaunti mbili mpya, yake na yangu, nikagawa picha. Alipofika kwenye mot de passe, nikageuza uso ukutani ili iwe yake peke yake.

"Lakini miye nataka karatasi," akasema alipomaliza. "Nimuweke mbele ya altare."

"Nilizifuta mimi, Papa. Nitaichapisha, nitakuletea mwenyewe, kabla misa haijaanza."

"Binti, barabara iko mubaya."

"Nitakuja."

Ameshaondoka ndipo nikakumbuka. Jumamosi, saa tatu. Misa saa tatu. Jaribio saa tatu.

Nililiomba shirika siku nyingine. Hakuna.

"Mupe chauffeur wa gari ya Beni bahasha," Mama akasema. "Ni karatasi tu."

"Nilimwambia mimi mwenyewe, Mama."

Kisha akaenda kunipigia pasi ile robe ya kijani.

Jumamosi alfajiri nilipanda moto, yaani pikipiki, kwenda Beni na bahasha yangu. Niliogopa njia nzima. Kwenye kizuizi, askari akanyoosha mkono.

"Leta téléphone, ma soeur."

Picha za papa Kahongya zilikuwa humo. Nilikuwa nimeziweka tena, kama karatasi ingelowa na mtandao ukakosekana.

Kidole chake kikasimama.

"Hawa batu ba mapanga ni banani?"

Kilikuwa kile kile nilichokiogopa tangu mwanzo.

"Angalia chini, chef," nikasema. "Chini ya miguu yao."

Akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Kakao."

"Kakao, chef."

Akasogeza nyingine. Faida.

"Na huyu?"

"Niko nampeleka kwa misa yake."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Pita."

Ndugu zangu, leo ingia kwenye simu yako uangalie ni simu ngapi zimo kwenye akaunti yako. Kama alikufungulia mwingine, fungua nyingine, na mot de passe iandike mwenyewe. Weka vitu vyako kwa cloud, ndiyo, lakini kile usichoweza kukipoteza, weka nakala mahali pengine pia. Na usifute sura ya mtu kabla hujaitazama.

Saa tatu ile, Butembo, kule kwenye shirika, waliita jina langu mara mbili. Wakamchukua mwingine.

Mimi nilikuwa Beni. Papa Kahongya hakuwa ameingia kanisani. Alikuwa amesimama nje na watoto wake, anaangalia barabara.

"Nimekujulia robe," akasema.

Akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kupokea bahasha. Akaingia mbele yetu sote, akamweka Faida chini ya altare, akamnyoosha vizuri.

Ndipo kengele ikalia.