Picha Iliyorudi Kila Asubuhi

Asubuhi ile picha haikuwepo, na Vidole, badala ya kushtuka, alifurahi.

Miaka miwili tangu aolewe na Fundi, hakuna kilichomchoma moyo kama picha ile. Kompyuta ya dukani kwao ilikuwa kuukuu, diski yake ilishakufa, na kumbukumbu yake ilikuwa finyu kiasi kwamba ukifungua barua mbili kwa pamoja inaanza kuhema. Fundi alikuwa ameiundia mfumo mwepesi akauweka kwenye flashi. Asubuhi ukichomeka flashi na kuwasha, mfumo mzima unapanda kwenye kumbukumbu na kufanya kazi humo humo. Jioni ukizima, kila ulichobadilisha kinafutika, na kesho mfumo unaamka vilevile ulivyokuwa siku ulipoundwa. Na siku hiyo ulipoundwa, mke wa kwanza wa Fundi alikuwa bado hai. Ndiye aliyekuwa mchapaji wa duka, na picha yake ndiyo iliyowekwa kwenye skrini, anacheka, mkono shavuni.

Vidole, aliyeitwa hivyo na wateja kwa kasi yake ya kuchapa, alishaiondoa picha ile mpaka akachoka. Aliweka maua. Aliweka milima. Siku moja, kwa hasira, alijiweka mwenyewe. Kesho yake Marehemu huyo hapo tena, anacheka.

"Si uunde mfumo mwingine tu?" alimwambia mumewe.

"Nitaunda, mke wangu. Kazi zikipungua."

Kazi hazikupungua. Mke mwenza aliye hai una la kumfanya: utamnunia, utamsema, akikosea utapata pa kupumulia. Aliyekufa hakosei tena. Vidole alikuwa akishindana na mtu ambaye hata chumvi hawezi kuizidisha.

Basi asubuhi ile skrini ilikuwa nyeusi, na katikati yake barua imefunguka yenyewe. Ilikuwa na mstari mmoja:

"Nimemtoa. Nitoe nini tena?"

Palinukia nywele zilizoungua. Vidole alidhani ni mzaha wa mumewe. Akamgeukia pale kwenye meza yake ya ufundi, alipokuwa ameinamia redio ya mtu.

"Umeiondoa picha ya mama Bosi?"

Bosi ndilo jina la utani ambalo Fundi alimpa binti yake wa pekee, aliyemzaa na Marehemu. Alikuwa na miaka tisa na anapenda kuamrisha.

"Mama Bosi ndiye nani?" Fundi aliuliza.

Hakuwa anatania. Vidole alimwonyesha picha nyingine ya Marehemu, iliyotundikwa ukutani kwenye fremu. Fundi aliitazama kwa adabu, kama unavyotazama picha za ukoo wa watu, kisha akairudia redio yake.

Hapo Vidole angepaswa kuogopa. Aliogopa pia, lakini furaha ilitangulia, na ilikuwa furaha tamu ambayo mtu huitafuna polepole, akiwa amewapa watu mgongo.

Ingeishia hapo kama si mbinja. Fundi akishika kazi hupiga mbinja wimbo mmoja tu, ule ambao Marehemu alikuwa akiuimba wakati wa kuchapa. Mwenye wimbo alishasahauliwa, na wimbo bado umo midomoni! Wivu ulimpanda Vidole hadi kooni. Akavuta kibodi akaandika:

"Toa vyote vya yule mwanamke."

Feni ya mashine ikanguruma. Kile kipimo kidogo pembeni mwa skrini, kinachoonyesha kumbukumbu imejaa kiasi gani, kikaanza kupanda. Nyuma ya duka, kwenye ujia unaoelekea nyumbani, zikasikika kandambili zikiburuzwa: pwata, pwata, pwata. Akachungulia. Ujia ulikuwa mtupu, jua limejaa tele. Aliporudi, mbinja ilikuwa imekatika katikati.

Saa tisa Bosi akarudi kutoka shule, begi mgongoni.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mtoto mzuri. Umetumwa kuchapisha nini?"

Bosi akacheka. "Baba naye! Nina njaa mimi."

"Baba yako yuko wapi? Kwenu hawakutafuti?"

Mtoto aliendelea kucheka peke yake, kisha cheko likafa. Akamtazama Vidole, akasogea, akanong'ona, "Mama mdogo, nimemkosea nini baba?"

Ndipo Vidole alipoelewa alichokiomba. Kati ya vyote vya yule mwanamke, cha kwanza kilikuwa kimesimama mbele yake kimevaa sare ya shule.

Akairukia kibodi. "Rudisha mtoto!"

Jibu likajiandika lenyewe, herufi moja moja: "Nafasi haitoshi."

Mlangoni akatokea Mganga wa Nguzo, mteja wao wa siku zote, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna nguzo ya umeme mtaani isiyo na bango lake la kutibu jino, mapenzi na kesi. Alikuwa amekuja kuchukua mabango mapya. Aliweka mguu mmoja kizingitini, akanusa, akaurudisha nje.

"Mabango nitayafuata siku nyingine," alisema kwa sauti ndogo.

Vidole akamkimbilia barabarani, akamweleza yote bila kuficha. Yule mganga, aliyezoea kujisifu hadi povu linamtoka, safari hii alizungumza akitazama chini.

"Mama, mimi huwatoa walioingia wenyewe. Huyu umemkaribisha."

"Ni yule marehemu?"

"Marehemu amepumzika, usimsingizie. Huyu ni jini, alinusa wivu wako akaufuata. Na wala hamtaki mumeo. Anatafuta pa kukaa."

"Nifanye nini?"

"Umesema mashine ikizimwa haibaki na kitu? Basi izime. Lakini muulize kwanza utapoteza nini. Wale hawadanganyi ukiwauliza bei." Akaondoka upesi, na hakugeuka nyuma.

Vidole aliporudi ndani alimkuta Fundi ameshika bisibisi akiigeuza huku na huku, akitafuta upande wa kushikia, na kile kipimo pembeni mwa skrini kimebakiza upana wa kidole kujaa, na harufu ya nywele zilizoungua imekuwa nzito mpaka inakaa ulimini, na zile kandambili hazipo ujiani tena bali ziko ndani, nyuma ya kiti chake, zikitembea hatua mbili na kusimama, hatua mbili na kusimama, kama za mtu anayesubiri mwenzake anyanyuke ili akae. Akaandika, vidole vilivyosifiwa mtaa mzima vikikosea kila herufi: "Nikizima?"

"Mumeo nimempandisha humu. Ukizima, ataamka kama siku ya flashi."

Vidole akainama kuitazama flashi. Ilikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa, na juu yake tarehe kwa mwandiko wa Fundi. Mwaka mzima kabla hajamfahamu.

Akaielewa bei. Akiacha mashine ikiwaka, mume ni wake peke yake, hana mke wa zamani wala wimbo wake, na kila saa atakuwa mtupu zaidi, lakini wake. Nao wivu, hata pale, hata katika hofu ile, ulimnong'oneza: si ndicho ulichokitaka?

Bosi alikuwa amekaa chini kando ya mlango, amelikumbatia begi, analia bila sauti ili asimuudhi baba asiyemjua.

Vidole alipiga magoti chini ya meza akaung'oa waya ukutani.

Skrini ikazimika. Fundi akalaza kichwa mezani pale pale. Feni iliendelea kuzunguka muda mrefu bila umeme, kisha nayo ikanyamaza.

Fundi alipoinua kichwa alimwona binti yake, akatandaza mikono. "Bosi wangu! Nani kakuliza?" Akamkumbatia, akamfuta machozi, akamrusha juu, akashangaa. "Mbona umekuwa mzito hivi?" Vidole alisimama pembeni akilia na kucheka, akingoja zamu yake.

Fundi akamgeukia kwa uchangamfu.

"Samahani, dada, hujahudumiwa. Una kazi ya kuchapa?"

"Baba," Bosi alisema, "huyu ni mama mdogo."

Hakumsikia. Alikuwa anapangusa kile kiti cha mbele ya kompyuta kwa kiganja. "Kaa kidogo hapo benchi, dada. Mchapaji ni mke wangu, ametoka mara moja tu. Ana kasi, utampenda."

Vidole alifungua mdomo amwambie kwamba mkewe amezikwa miaka mitatu iliyopita. Harufu ya nywele zilizoungua ikamkaba koo. Huko nyuma, kwenye ujia, zikasikika kandambili, pwata, pwata, pwata, zikija bila haraka, na mtu anaimba wimbo ule.

Fundi akatabasamu.

"Huyo anarudi," akasema, akamvutia kiti.