Droni Dirishani, Jiko Chumbani

Shadya alikuwa na siku kumi na nane tangu ajifungue. Alikaa ghorofa ya tatu, eneo la Mchafukoge karibu na Kariakoo, ndani ya arobaini yake. Kila asubuhi mama yake, Bi Husna, alimkanda kwa maji ya moto, kisha akamfukiza udi. Mtoto, Fikirini, alilala kando yao.

Asubuhi moja, Shadya akiwa na khanga moja tu, walisikia mlio. Vuuuu! Kama nyuki waliochokozwa. Droni ilisimama hewani, mbele ya dirisha.

"Wanampiga picha mwanangu!" Bi Husna alipiga kelele. "Hawana mama zao hawa?"

"Funga, mama! Funga!"

Bi Husna alifunga madirisha na mlango. Akaziba nyufa kwa mashuka. Lakini jiko la mkaa lililochemsha maji lilibaki mle mle chumbani, likiwaka.

Haukupita muda, kichwa kikaanza kumgonga Shadya. Akamchukua mtoto amnyonyeshe. Fikirini hakushika ziwa. Shingo yake ililegea.

"Mama! Mtoto haamki!"

Wakati huo huo Violeth alibisha hodi. Violeth ni jirani yao wa chini, mhudumu wa afya ya jamii. Alikuja kumtazama mzazi. Bi Husna alimfungulia, naye akaliona jiko.

"Mtoeni nje! Nanyi tokeni!" alisema. Akafungua madirisha yote.

Walipanda bajaji mpaka hospitali. Fikirini aliwekewa oksijeni kwa mashine. Ilipofika alasiri, alinyonya kwa nguvu. Shadya alilia kwa furaha.

"Mkaa ukiwaka ndani hutoa hewa ya sumu," Violeth aliwaeleza. "Haionekani, hainuki. Maji chemsheni nje. Na udi fukizeni dirisha likiwa wazi."

"Na droni je?" Bi Husna aliuliza. "Nikae kimya wamtazame mwanangu?"

"Hapana, mama. Hasira yako ni ya haki. Honi za Kariakoo zinapigwa kutwa nanyi mnalala, kwa sababu mnazijua. Mlio ambao mwenyewe hajulikani ndio unaotisha. Basi tukamuulize mwenyewe."

Kesho yake Bi Husna na Violeth walikwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Kumbe tangazo la droni lilibandikwa pale mlangoni.

"Mzazi wa arobaini atakuja kulisoma saa ngapi?" Bi Husna aliuliza. Watu wakacheka.

Kijana aliyerusha droni, Rogath, aliitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulikuwa unatafuta nini dirishani kwetu?"

"Tunapiga picha mapaa na mitaro kabla ya masika, mama." Akamwonyesha picha zote. Moja ilikuwa na pazia lao. Akaifuta mbele yake. "Nimekosa. Nilishuka mno, tena bila kuwaambia."

Tangu hapo, siku moja kabla ya droni kuruka, mjumbe hupita mlango kwa mlango kutaja saa. Nayo huruka juu, mbali na madirisha.

Siku ya arobaini, Bi Husna alimpakulia Violeth pilau kabla ya wageni wote.

"Mungu akulipe, mwanangu. Nilikimbia macho ya watu, nikamfungia mjukuu wangu kwenye sumu."

"Tumshukuru Mungu, mama. Mzima huyo."

Saa nne, kama mjumbe alivyosema, droni ilipita juu kabisa. Wanawake wakavuta khanga zao vizuri, wakaendelea kula. Ghafla Fikirini akalia kwa njaa, sauti ikajaa chumba.

"Alhamdulillahi," alisema Shadya, akimnyanyua. "Mlio huu sitauchoka."