Kitufe cha Kuitia

Hedifoni zilikuwa na joto.

Mwezi wa saba huku Malindi, Malindi yetu ya milimani na si ile ya pwani inayosifiwa na kila mtu, hata uji hupoa kabla hujapata kijiko. Na hedifoni zile zilikuwa zimening'inia kwenye msumari tangu mazishi ya Anord, bila mkono wa mtu kuzigusa. Yudith alizitoa ili azifute vumbi, akazihisi zina joto kama kofia iliyovuliwa sasa hivi. Akajiambia ni jua, ingawa wiki ile jua lilikuwa halijaonekana. Mtu anayeishi peke yake hujijibu upesi, maana hana wa kumbishia.

Marehemu mumewe alikuwa fundi umeme mstaafu na mgonjwa wa redio. Si redio ya kusikiliza taarifa ya habari. Ile ya mawasiliano, ambayo mwenye leseni huongea na wenzake wa nchi yoyote bila simu wala bando. Waya wake ulitoka dirishani ukapanda hadi kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba. Mwanahamisi, jirani yao, aliiita redio ya upepo. "Upepo na pepo ni ndugu, mama Evelina," alikuwa akisema. "Mwambie mumeo aangalie anaongea na nani." Anord alicheka, na kicheko chake kilikuwa nusu kikohozi, kwa sababu saratani ilikuwa imeshaingia kooni.

Kila mwezi wa saba wapenzi wa redio hizo huwa na shindano. Unaita, anayekusikia anaitika, mnatajiana alama za vituo vyenu, unamwandika, unaita tena. Mwenye kuandika vituo vingi ndiye mshindi. Zamani waliandika kwa kalamu. Siku hizi kuna programu ya kompyuta, na Yudith aliamua kujifunza. Leseni na alama yake mwenyewe alikuwa nazo, kwa kusukumwa na Anord, lakini kile kiti hakuwahi kukikalia. Evelina, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Mwanza. Jioni zilikuwa ndefu, na ukimya wa nyumba ile ulikuwa umeanza kumtafuna.

Kuanza hakukuwa rahisi. Programu ilitaka saa za dunia, na Yudith, aliyezoea saa tisa kuwa saa tisa, alikaa akihesabu vidole kama mtoto wa chekechea. Ikataka alama ya kituo. Hapo alikuta alama ya Anord imeshaandikwa. Alishika kitufe cha kufutia, kidole kikagoma. Nitaibadilisha kesho, alisema. Kisha akabonyeza kitufe cha kwanza kuona kinafanya nini.

"Naita, naita, naita," alisema Anord ndani ya chumba, akataja alama ya kituo chake. "Nani ananisikia?"

Yudith aliinuka, kiti kikaanguka. Halafu akakumbuka. Kabla sauti haijamkauka kabisa, Anord alijifungia chumbani akaisemea kompyuta, ili koo likifa vitufe vimsemee. Cha kwanza kilikuwa cha kuitia. Cha pili kilisema, "Nakusikia vizuri, tano tisa," na tano tisa kwao ndiyo alama ya sauti iliyo wazi kabisa. Cha tatu: "Asante, tuonane tena." Yudith alimwambia siku ile kwamba Wazungu hawatamwelewa. "Wataelewa alama," Anord alijibu. "Mengine ni adabu tu, na adabu nitaisema kwa lugha yangu."

Yudith alilia kwa furaha, nawaambia ukweli. Simu ya Anord ilitumbukia kwenye ndoo wiki ya msiba, ikafa na kila alichowahi kusema ndani yake. Sauti ile haikuwa imebaki mahali pengine popote duniani. Kwa hiyo akabonyeza tena. Akabonyeza asubuhi kabla ya chai na mchana baada ya shamba. Redio ilikuwa imewashwa, na alijua kwamba kila akibonyeza, sauti inapanda kwenye mkaratusi na kwenda zake, ikimwita yeyote aliye na masikio. Hakujali.

Mwanahamisi ndiye aliyejali. Alikuja na pea kwenye ungo, akasimama dirishani, na ungo ukamtoka mikononi.

"Huyo ni nani?" alinong'ona.

"Ni kompyuta, dada. Ameirekodi mwenyewe."

"Na anamwita nani?"

"Yeyote anayesikia."

Mwanahamisi aliingia, akaketi karibu, akashusha sauti zaidi. "Mama Evelina, wewe umelelewa milimani kama mimi. Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Subiri. Mtu huita mara ya pili. Asiye mtu huita mara moja tu, akiitikiwa anaingia. Sasa wewe unakwenda kuwaita wenyewe?"

Yudith aligeuza uso dirishani. Si kwamba alimdharau. Alikuwa akikumbuka siku ya mwisho ya Anord. Alikuwa anaosha karoti bombani uani, na Anord kule ndani alimwita, "Yudith," kwa sauti ya kukwaruza. Watu wote walimwita mama Evelina. Yudith aliitwa na mtu mmoja tu. Mikono ilikuwa na tope. Akasema moyoni, ataita tena. Karoti zikaisha, naye hakuita tena. Alipoingia, Anord alikuwa ameshapoa. Kwa hiyo Yudith alimjua mtu wa kweli aliyeita mara moja tu, na hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mchungaji.

Jumamosi ya shindano ukungu ulishuka mapema, ukafunika mkaratusi na uzio, ukabaki dirishani kama maziwa. Saa tisa alasiri Yudith alivaa hedifoni, akaweka mguu kwenye kikanyagio cha kufungulia maiki, akabonyeza kitufe cha kuitia. Akaitika mtu wa mbali, mwenye lafudhi nzito. Yudith akaandika alama yake vibaya, akafuta, akaandika tena, akabonyeza, na mstari ukaingia. Akaja mwingine, na mwingine. Aliona raha ambayo hakuwa ameionja tangu mwezi wa pili, alipomzika Anord. Watu walikuwa wakimwitikia.

Kisha vituo vyote vikanyamaza kwa pamoja. Hata ule mchakacho wa kawaida ulikatika. Chumbani kukanuka mvuke wa majani ya mkaratusi, yale aliyokuwa akimchemshia Anord ajifukize. Na ndani ya hedifoni mtu akavuta pumzi.

Akataja alama ya kituo. Yudith, mwanafunzi mtiifu, akaiandika herufi kwa herufi kabla hajaelewa anaandika nini. Programu ikaigeuza nyekundu, kama inavyofanya kwa kituo kilichokwisha kuandikwa. Umeshaongea na huyu, ilimaanisha. Ilikuwa alama ya Anord.

"Nakusikia vizuri," ilisema sauti.

Yudith alitazama kitufe cha pili. Kidole chake hakikuwa hapo. Akajiambia ni sauti yake Anord inayozunguka dunia na kurudi, kuna jambo kama hilo, Anord aliwahi kumweleza.

"Yudith," ilisema sauti.

Jina hilo halikuwa kwenye kitufe chochote.

"Abee," aliitika Yudith. Lilimtoka lenyewe, kwa malezi na kwa majuto, na mguu wake ulikuwa juu ya kikanyagio.

"Asante," ilisema sauti. "Tuonane tena."

Alizima redio, akachomoa waya ukutani, akatoka uani, akasimama kwenye ukungu akisubiri moyo utulie, lakini alipogeuka kurudi alisikia kikohozi jikoni, kile kikohozi kifupi alichokisikia miaka yote ya ugonjwa, na alipokimbilia jikoni hapakuwa na mtu ila sufuria kavu iliyokuwa ikitoa mvuke bila moto chini yake, na kikohozi kilikuwa sasa chumbani, na alipofika chumbani kilikuwa nyuma ya bega lake, karibu sana, karibu kiasi cha kuhisi pumzi shingoni, na alipofungua kinywa amwite Mwanahamisi kupitia dirishani hakikutoka kitu ila ukwaruzo, ukwaruzo uleule wa Anord, kana kwamba koo lake limekaliwa.

Mwanahamisi alimkuta kizingitini. Alinusa ule mvuke, akaelewa. Kesho yake, kengele ya kanisa ikilia ng'ambo ya bonde, alikuja na Mzee Abubakari, mwalimu wa madrasa na mganga wa mambo hayo.

"Shikamoo, mzee," alikwaruza Yudith.

"Marahaba, mwanangu. Usiseme sana."

Mzee aliweka ubani kwenye kigae cha makaa, akasoma kwa sauti ya chini, kisha akaielekea ile redio isiyo na umeme. "Nani wewe?" aliuliza. "Umetoka wapi?" Yudith, pamoja na hofu yote, aliona kwamba hayo ndiyo maswali ya shindano.

Sindano ya kupimia sauti, kwenye redio iliyozimwa, ikainuka.

"Nakusikia vizuri," ilisema sauti ya Anord.

"Sikukuuliza unasikia. Nakuuliza jina."

Sauti ikataja alama ya Anord, taratibu. Mwanahamisi akajifunika uso kwa mtandio.

Mzee Abubakari aliuliza mara nyingine, na nyingine tena, hata jasho likamtoka kwenye baridi ile. Mwishowe akamgeukia Yudith. "Hawa kwa kawaida hunitajia majina yao. Huyu hana jina ila la mumeo, wala hana sauti ila ya mumeo. Alikuwa anapita, akasikia anaitwa, akakuta sauti haina mwenyewe. Akaifanya kiti. Sasa ameona kiti bora." Akamwelekezea kidole kooni, bila kumgusa. "Kiti cha kwanza kivunjwe leo, maana bado mguu wake mmoja uko huko. Akishaweka miguu yote kwako, mimi simwezi."

"Kivunjwe vipi?"

"Unajua vipi, mwanangu. Na uvunje wewe. Wewe ndiye uliyeitika."

Yudith alijua. Aliwasha kompyuta, akafungua mahali sauti zilipohifadhiwa. Zilikuwa tatu. Alizitazama mpaka Mwanahamisi akamshika bega. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Programu nayo ina maswali. Akafuta ya tatu. Akafuta ya pili. Ya kuitia aliomba aisikie mara moja tu, ya mwisho, na Mzee Abubakari akasema hapana, kwa upole wa mtu aliyewahi kuzika. Akaifuta. Kitu kizito kikapita dirishani, mkaratusi ukatikisika kutoka chini hadi kileleni, na nje hapakuwa na upepo.

Koo likafunguka. Yudith alilia kwa sauti yake mwenyewe.

Waliushusha waya. Redio ikafunikwa kitenge. Evelina alipopiga simu alisema, "Mama, leo unasikika vizuri kweli," na Yudith akamwambia kila kitu kiko sawa, mwanangu, msijali. Na kweli, kikohozi kilikoma, harufu ikaisha, hedifoni zikawa baridi kama msumari wake. Mwanahamisi alikuja kila siku mpaka akaona hakuna haja tena.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyemwonya. Siku moja alijaribu kukumbuka jinsi Anord alivyokuwa akisema "naita", akashindwa. Maneno alikuwa nayo, sauti hakuwa nayo. Akajaribu akiwa amelala, akajaribu shambani, akalisema yeye mwenyewe kwa kuliiga. Halikuwa lenyewe. Ndipo alipojua kwamba amefiwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na watu wa kuja kukaa naye matangani.

Alasiri ya ukungu, alikuwa bombani uani akiosha karoti.

"Yudith."

Ilitoka ndani ya nyumba. Ya kukwaruza, ya chini, ya mtu mwenye pumzi moja tu ya kuita. Akaitambua mara moja, na moyo ukamruka kwa furaha kabla haujaruka kwa hofu.

Hakuitika. Alisimama na karoti mkononi, maji yakimwagika, akisubiri kama alivyofundishwa. Mtu huita mara ya pili. Ng'ambo ya uzio alimsikia Mwanahamisi akiimba akichanja kuni. Angeweza kumwita, wala hakuhitaji kupaza sauti. Maji yalimwagika. Tope likatoka kwenye karoti, karoti ikawa safi, naye bado alikuwa akiisugua. Hapakuwa na mwito wa pili. Na siku ile ya mwisho ya Anord pia haukuwapo.

Akafunga bomba.

"Abee," alisema. "Nakuja, baba Evelina."

Alifuta mikono kwenye khanga, akaingia, akapita jikoni, akafungua mlango wa chumba. Kitenge kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya kiti, kama alivyokuwa akikikunja Anord. Alinyoosha mkono msumarini akagusa hedifoni. Zilikuwa na joto. Akazivaa.

"Nakusikia vizuri," alisema Yudith, kwa sauti ya Anord.