Khattri na Kiu ya Kisimani

Siku ya kunywesha ngamia, Mneitou huamka mapema. Huchanganya maziwa, maji na sukari katika bakuli la mbao, kisha huenda kisimani. Kambi ya kikosi cha ngamia iko karibu na hema lao, na mwanawe Khattri ni askari wa kikosi hicho. Mama gani atakaa hemani mwanawe akiungua juani?

Siku hiyo alimkuta mumewe, mzee Deddah, ameshafika. Deddah alikuwa askari wa ngamia ujanani. Siku hizi kazi yake ni kukaa kivulini na kuwakosoa vijana.

Khattri alikuwa amerudi juzi tu kutoka likizo, huko pwani kwenye upepo wa baridi. Sasa alikuwa akivuta kamba na kumimina maji katika hori la kunyweshea ngamia. Kisima ni kirefu, na ndoo ya ngozi ikijaa ni nzito.

"Kunywa kidogo, mwanangu," alisema Mneitou.

Khattri alitazama ngamia, halafu akamtazama baba yake. "Wanyama bado, mama."

"Umesikia?" alisema Deddah. "Mwanamume hamtangulii mnyama wake majini. Mimi nilivuta kamba kutwa, midomo imepasuka, na bado niliimba."

"Uliimba vibaya. Mwache mtoto anywe."

Askari wakacheka. Yeslem, aliyekuwa akivuta kamba pamoja na Khattri, akasema, "Mpe, mama, kisha umpakate."

Baada ya maneno hayo, nani angekunywa? Khattri alikaza kilemba, akaendelea kuvuta.

Jua likapanda. Mneitou hakuondoa macho kwa mwanawe. Kwanza aliona ameacha kujibu mizaha. Kisha akamsikia anamwita ngamia wake kwa jina la dada yake. Wenzake wakacheka tena, lakini Mneitou hakucheka. Mara kamba ikamponyoka, ndoo ikarudi chini, naye akaanguka.

Mneitou alimgusa paji la uso. Lilikuwa la moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

"Jini la kisima," alisema Deddah.

Mneitou akainua bakuli ampe maziwa. Mkono ukamzuia. Ulikuwa mkono wa Lehbib, muuguzi wa kikosi.

"Usimpe kitu, mama. Hana fahamu. Kitamwingia mapafuni. Jamani, mbebeni kivulini, mvueni shati. Leteni maji ya hori, mmwagieni mwili mzima."

"Maji ya ngamia?" aliuliza Deddah.

"Mzee, ngamia wako wazima. Anayekufa kwa joto ni mwanao."

Deddah alifungua kilemba chake mwenyewe, akakichovya horini, akamfunika nacho Khattri kifuani. Wengine wakammwagia maji, wengine wakampepea kwa mashuka. Mwingine akaita gari la hospitali kwa redio. Walimwaga na kupepea bila kupumzika, mpaka Khattri akafumbua macho.

"Mbona mmenivua shati mbele ya mama?" aliuliza.

Mneitou akalia na kucheka pamoja. Lehbib alimwuliza Khattri jina lake na mahali alipo. Alipojibu vizuri, ndipo akampa maji yenye sukari na chumvi kidogo, funda kwa funda.

"Hata kama ameamka, lazima apimwe hospitali," alisema. "Joto kali huumiza mwili ndani."

"Sisi zamani hatukufa," Deddah alinong'ona.

"Waliokufa hawaji kisimani kusimulia, mzee."

Deddah akainamisha kichwa. Kuna mwenzake walimzika mchangani ujanani. Walisema jini limemuua.

"Ngamia anavumilia kiu, mtu hawezi," Lehbib aliendelea. "Jasho likitoka, lirudishwe kwa maji. Usingoje kiu, maana kiu huja imechelewa. Tazama mkojo. Ukiwa mweupe-mweupe, uko salama. Ukiwa na rangi ya chai, pumzika kivulini unywe. Maji ya kunywa yawe ya kiriba, yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu, si ya hori. Na mtu akitoka likizo, mwili wake umelisahau jua. Mpeni kazi nyepesi kwanza, muiongeze polepole."

"Na mizaha?" aliuliza Mneitou, akimtazama Yeslem.

Yeslem aliangalia mchanga. "Nisamehe, mama."

Gari lilimpeleka Khattri hospitali, akalazwa, akapona, akarudi. Siku ya kunywesha ilipofika, mkuu wa kikosi alitoa amri mpya: watu wanywe kwanza, wavute kwa zamu, na kila anayetoka zamu akae kivulini. Askari walitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Mzee Deddah akainuka. Alichukua kata ya maji, akanywa mbele ya wote mpaka tone la mwisho, akaijaza tena na kumpa Yeslem.

"Kunywa," alisema. "Mvuta kamba akianguka, ngamia atanyweshwa na nani?"

Yeslem akanywa, akampa Khattri. Khattri naye akanywa, baba yake akimtazama.

Mama mwenzangu, kama una mtoto katika nchi ya joto, askari au mchungaji, mwambie haya kabla hajaondoka. Usione aibu wenzake wakicheka. Msimu ule wote wa joto hakuna aliyebebwa kutoka kisimani. Na ngamia walimaliza kunywa mapema kuliko zamani, kwa sababu wavutaji walikuwa na nguvu.