Ngozi ya Kumlaza Mama

Ngozi ya kondoo ilikuwa ya moto upande ambao mgonjwa hakuulalia. Rachel aliipapasa mara mbili, akalisingizia jua, akaendelea kumgeuza mama yake.

Jua lipi tena? Dirisha lenyewe limezibwa na ghorofa la jirani! Lakini Rachel alikuwa na lake moyoni. Miezi saba nyuma, dukani kwao Kariakoo, alimfokea mama yake mbele ya wateja: "Si ufe tu nipumzike!" Hapo hapo kiharusi kikamwangusha Mama Mektilda, na tangu siku hiyo hakutamka neno. Vidonda vya kulala vilipomtoboa mgongo, nesi Candida alishauri alazwe juu ya ngozi ya kondoo yenye manyoya yake, haichubui. Rachel akainunua kwa Mwinyimvua, muuza ngozi wa Gerezani. Ndani ya wiki vidonda vikafunga, na nyumba ikaanza kunukia udi ambao hakuna aliyeuchoma.

Siku ya nane, mchana kweupe, mama akasema.

"Nimekusamehe, mwanangu."

Rachel alilia mpaka akapaliwa. Alipomwinua kumwogesha, sauti ikakatika. Alipomrudisha juu ya ngozi ikarudi, tamu kuliko alivyowahi kuisikia, na midomo ikiwa inasamehe, macho ya mama yalichuruzika machozi, na mkono wa kushoto, ndio pekee uliobaki na uhai, ukawa unanyofoa manyoya, unanyofoa, unanyofoa, mpaka ngozi ikabaki wazi mahali pale, nayo ilikuwa inapanda na kushuka kama tumbo la mtu aliyelala.

Alitoka mbio hadi Gerezani.

"Dada, nisamehe," Mwinyimvua akanong'ona. "Ni kondoo wa kafara. Bi Sabaha alimtoa mtu jini, jini akamtia ndani ya kondoo huyo. Niliambiwa ngozi nikaitose baharini. Nikaona hasara."

Bi Sabaha, mganga mwenyewe, alikuja siku ile ile.

"Anayesema si mama yako. Mama yako yumo ndani, anasikia kila neno."

"Nikiiondoa, atasema tena?"

"Hatasema. Ila atakufa akiwa yeye mwenyewe."

Wakamhamishia kwenye godoro tupu. Mama akashusha pumzi, akaufumbata mkono wa mwanawe. Bi Sabaha akaikunja ngozi, akaiweka chini.

"Usiiguse. Naita bajaji tukaitose baharini," akasema, akatoka.

Kipendacho roho, jamani, hula nyama mbichi. Rachel akafunga komeo, akaikunjua ngozi, akamwinua mama yake, na mama akamng'ang'ania gauni mpaka likachanika, ikabidi amfungue vidole kimoja kimoja, huku mlango ukitikisika na Bi Sabaha akilia nje, "Fungua, mwanangu! Mtume, fungua!"

"Nimekusamehe," ikasema ile sauti.

Rachel akaukalia ule mkono wa kushoto usinyofoe tena.

"Rudia, mama," akasema.