Mikono ya Bibi Mkubwa

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu tarehe kumi na moja Juni 1764, mikono ya Bibi Mkubwa de Sarvigny haikuwapo tena ukutani. Watu saba wa picha ya familia iliyotundikwa ukumbini walikuwa bado bustanini mwao, wakinywa chokoleti na kubembeleza mbwa. Nyuso zote zilikuwa salama. Penye mikono ya bibi tu palikuwa na tundu, limekatwa kwa kisu kikali.

Inspekta Tourvaux wa polisi ya Paris alimkuta Firmin, mtumishi mwenye ufunguo wa ukumbi, ameshatiwa pingu. Siku hizo mtumishi aliyemwibia bwana wake hakufungwa jela, alinyongwa. Na bibi alikuwa na haraka.

Tourvaux alilitazama tundu, kisha fremu ya dhahabu ambayo haikuguswa. Akaagiza aitwe aliyeichora, Lagarenne.

Lagarenne alieleza bila haya kwamba wakubwa hukaa ili wachorwe sura tu. Wakichoka, huenda zao. Mikono huazimwa kwa yeyote. Akatoa mkobani rasimu ya chaki: vidole virefu, kidole kidogo cha kushoto kimepinda nje kama ndoano.

"Ya nani hii?"

"Kijakazi fulani. Alikaa siku kumi na moja bila kutikisika. Punda mzuri."

Tourvaux alimkazia macho mpaka akaufunga mkoba.

Kwenye chumba cha kufulia aliwataka wanawake wote waoneshe mikono. Ya mmoja wao, Perrine, ilikuwa myekundu, imevimba, imepasukapasuka kwa maji ya majivu. Kidole kidogo cha kushoto kilipinda nje.

"Kiko wapi kipande?"

Alikitoa kifuani mwa gauni. "Mwacheni Firmin. Ufunguo nilimchomolea mfukoni akiwa anakula."

"Kwa nini?"

"Bwana aliisifu mikono hii. Siku ileile bibi akanitupa huku. Mwaka wa pili sasa. Kila Jumapili huniita mbele ya wageni, huwaambia: tazameni mikono yangu pale ukutani, na mtazame kwato za huyu. Jana wamecheka tena. Ile ni yangu, Inspekta. Ameila nyama, bado ananichekea mifupa."

Tourvaux alimpandisha ukumbini. Wageni walikuwa wakinywa chokoleti. Akakiweka kipande mezani, katikati ya vikombe.

"Bibi Mkubwa, sheria inataka mlalamikaji aitambue mali yake. Mikono hii ni ya nani?"

"Yangu. Swali gani hilo?"

"Basi naomba uvue glavu, uiweke yako kando yake. Nitaandika ninachokiona."

Bibi alimgeukia mumewe. Mumewe alimtazama mbwa aliyelala miguuni pake.

"Panya," alisema bibi. "Picha imeliwa na panya."

"Panya mwenye kisu?"

"Andika panya, bwana wee."

Tourvaux aliandika: panya, hakuna mwizi. Kalamu ilitoboa karatasi mara mbili.

Saa tano na nusu Firmin alifunguliwa pingu. Perrine alikichukua kipande mezani, akakirudisha kifuani, akatoka kwa mlango wa mbele.