Swali la Hamsini na Moja

Kitabu kizima kilikuwa cha Kiingereza, ila swali la mwisho lilikuwa la Kiswahili.

Zeyana binti Nasor hakushtuka. Alikuwa mwaka wa tano wa udaktari, mwezi wa tatu tangu chuo kimlete kwao Bagamoyo kwa mafunzo ya wodini, na siku zake zilikuwa zimekatwa vipande viwili kama doti ya kanga. Asubuhi ilikuwa ya chuo: wodi, ripoti za wagonjwa, mwalimu wa kumgombeza mbele ya wenzake. Mchana ulikuwa wa mtihani wa leseni, ambao mtu asipoupita, shahada yake ni karatasi ya kufungia maandazi. Mtihani huo na ule wa chuo ilikuwa imeachana wiki mbili tu.

Walikaa Dunda, ghorofani, juu ya duka la babake la misumari, rangi na mabati. Adhuhuri mzee Nasor alipofunga duka kwenda kuswali, mtaa ulinyamaza kwa joto, na Zeyana aliketi mezani kwake na kile kitabu, kopi iliyofungwa kwa waya, akajibu seti moja. Kila seti ilikuwa na maswali hamsini. Siku hiyo yalikuwa hamsini na moja.

"Fundi pikipiki, miaka ishirini na tisa, mkazi wa Dunda. Siku ya tatu leo kichwa chamgonga, shingo imekakamaa, hataki kuona mwanga. Ana nini?"

Chini yake palikuwa na majibu manne. Zeyana akatia alama kwenye homa ya uti wa mgongo. Alidhani mwenye kitabu wa kwanza alijitungia swali lake. Akafunika kitabu, akaenda kutawadha.

Kesho yake asubuhi, wodini, wakamleta kijana amebebwa na wenzake wawili, mikono yake ina grisi mpaka kwenye viwiko, macho yamefunikwa kitambaa. Daktari alikuwa bado anauliza jina la mgonjwa, Zeyana akasema, "Shingo yake itakuwa ngumu. Siku ya tatu leo." Ikawa hivyo. Mwalimu akamsifu mbele ya watu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Sifa ile haikumpa furaha. Aliisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Baada ya hapo swali la ziada likawa linakuja kila mchana, na mgonjwa wake kila asubuhi. Kibibi mwenye kidonda cha mguu. Mtoto aliyemeza mafuta ya taa. Zeyana alijibu, na kila alipojibu alipatia. Mara akatajwa mwanamke wa Miono, mimba ya miezi minane, macho yanaona giza na uso umevimba. Kifafa cha mimba, akatia alama. Yule mwanamke akafikishwa kesho yake akiwa ameshatetemeka njia nzima, wakahangaika naye, wakamkosa yeye na mtoto wake. Mumewe alikaa sakafuni koridoni ameshika kandambili za marehemu. Zeyana akamruka miguu, kwa kuwa ndiyo ilikuwa njia ya kwendea chumba cha wanafunzi, akakaa akaandika ripoti yake kurasa nne, mkono wa kushoto unakula wali.

Jioni ile alijiuliza mbona hakulia. Akajiwekea lile jambo kama dalili, aje alitazame baada ya mitihani.

Ijumaa alikuja Rachna, mwenzake wa chuo, ili wapitie maswali pamoja. Rachna aliingia chumbani akanusa.

"Mmewasha kapuri?" akauliza. "Nyumbani kwetu mama huwasha kwenye sala."

Zeyana akanusa naye. Ni kweli, harufu ilikuwepo, kali na ya baridi, inachoma puani. Alitambua kwamba ilikuwepo siku nyingi.

"Kwetu hatuwashi," akasema. "Kwetu hiyo ni karafuu maiti. Tunaoshea waliokufa."

Rachna akacheka kidogo, halafu akaacha. Zeyana akamfungulia kitabu, akamwonesha swali la mwisho la siku ile, kidole chake kikifuata mstari kwa mstari.

"Zeyana," Rachna akasema kwa sauti ya chini, "hapa hamna kitu. Ni karatasi tupu. Umetia duara kwenye karatasi tupu."

Rachna hakukaa hata nusu saa. Alipokuwa akishuka ngazi aligeuka mara mbili, akiangalia kile kiti cha pili mezani, alichokuwa amekikalia yeye. Zeyana naye alikitazama. Mto wa kiti ulikuwa bado umebonyea, na ulibaki umebonyea mpaka alasiri.

Alijua basi kwamba anasoma na mwenziwe. Alisikia pumzi ubavuni, ndefu na za taratibu, zinazokwenda sambamba na macho yake mstarini. Alijua pia kwamba mtu mzima wa akili zake angepiga kelele, akashuka ngazi bila viatu. Akasubiri woga uje. Haukuja. Mwili mzima ulikuwa na ganzi, kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kabla ya mtihani wa chuo, akageuza ukurasa.

Shangazi yake, Bi Biubwa, ndiye aliyemlea tangu mamake afariki. Jumatatu adhuhuri Bi Biubwa alikuwa jikoni, chini, nyuma ya duka, akikaanga samaki, na Zeyana juu akamaliza swali la hamsini. La hamsini na moja lilisema hivi:

"Mwanamke, miaka sitini na miwili, mkazi wa nyumba hii. Kifua chambana, maumivu yapanda hadi tayani, jasho lamtoka, ameshika ukingo wa meza. Hatua ya kwanza ni ipi?"

Majibu yalikuwa manne, na moja lilisema atafunishwe aspirini na akimbizwe hospitali sasa hivi, na jingine lilisema geuza ukurasa, na Zeyana aliyasoma yote kwa makini kama alivyofundishwa, akiona vizuri kabisa neno "nyumba hii" na akijua nyumba hii ni ipi, akisikia mafuta yakichacharika jikoni na harufu ya samaki ikigeuka kuwa ya kuungua, na chini ya harufu ile karafuu maiti ikizidi kupanda hadi macho yakamtoka machozi yasiyokuwa ya kilio, na zile pumzi ubavuni zikasimama, zikingoja, na yeye akashika kalamu akatia alama kwenye aspirini, kwa sababu ndilo jibu sahihi, akaridhika kwamba amepatia, kisha mkono wake, bila haraka, ukageuza ukurasa, akaanza seti nyingine, swali la kwanza, la pili, la tatu, na alipofika la kumi na tisa ndipo aliposikia babake akipiga ukelele kule chini kama mnyama.

Bi Biubwa alikuwa sakafuni, uso rangi ya majivu, jiko limejaa moshi. Zeyana akafanya yote yaliyotakiwa kufanywa. Mikono yake haikutetemeka hata mara moja. Hospitalini wakamwambia mzee Nasor kwamba bintiye ndiye aliyemwokoa dada yake.

Siku ya tano Bi Biubwa akarudishwa nyumbani, moyo umebaki nusu. Alingoja kakake atoke chumbani, akamshika Zeyana ukosi wa buibui.

"Mwanangu, nilikuita."

"Sikusikia, Shangazi."

"Nilikuita mara tatu. Na ulinijibu." Bi Biubwa alinong'ona, akitazama mlango. "Ulisema, 'Subiri, bado swali moja.' Lakini sauti haikutoka juu, Zeyana. Ulinijibu kutoka nyuma yangu, hapo hapo jikoni."

Ndipo akaitwa Maalim Ausi. Huyu alikuwa fundi cherehani anayewasomea wenye mashetani, na alifika na utepe wake bado shingoni, mfukoni ana kichupa cha zafarani. Aliandika aya kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, Zeyana akanywa kombe lile mpaka tone la mwisho. Maalim akasoma. Alisoma kwa muda mrefu, mzee Nasor amekaa mlangoni na tasbihi, mlango wa chumba cha Bi Biubwa uko wazi ili naye asikie.

Sauti iliyotoka kinywani mwa Zeyana ilikuwa yake mwenyewe, ila ya mtu asiyekuwa na haraka.

"Sikuvamia mimi. Niliitwa."

"Nani aliyekuita?" Maalim akauliza.

"Huyu. Alifiwa na mtoto wa watu mikononi mwake, mwezi wake wa kwanza wodini, akaja akajifungia chooni adhuhuri. Alilia. Akasema, kama yupo wa kunibebea haya mpaka nimalize mtihani, na abebe. Nami nilikuwepo. Nimembebea. Ni mengi, Maalim. Nina mzigo wa watu kumi na saba."

Zeyana alisikia kila neno, kama mtu anayesikiliza nyuma ya ukuta. Akakumbuka beseni, maji yakichirizika, na mkono mdogo wa yule mtoto uliokuwa umefungwa plasta ya sindano. Alikumbuka kwamba alilia. Hakukumbuka kulikuwaje.

Maalim akafuta jasho. Aliposema, alisema naye Zeyana mwenyewe.

"Sikiliza, binti yangu. Nikimwamuru aondoke leo, ataondoka, lakini atashusha alichobeba. Vyote, na kwa siku moja. Sitakuficha. Utalia, utaweweseka, pengine mwezi mzima hutashika kalamu. Baadaye utapona, inshallah."

Zeyana akapiga hesabu. Mtihani wa chuo ulikuwa tarehe sita. Wa leseni tarehe ishirini.

"Naomba uje tarehe ishirini na moja, Maalim."

Chumba cha pili, Bi Biubwa akaguna kama aliyechomwa na mwiba.

"Zeyana!" akasema babake.

"Nikianguka mwaka huu nitangoja mwaka mzima, Baba. Ni wiki tatu tu. Si tumeshamjua alipo?"

Mzee Nasor alitazama tasbihi yake. Alikuwa ameshamwambia kila mteja, kuanzia wauza mabati wa Dar mpaka mafundi wa mtaani, kwamba nyumba yake inatoa daktari. Akavuta punje inayofuata, na hiyo ikawa ndiyo ruhusa. Maalim Ausi akasuuza sahani yake, akakataa chai.

Zeyana akafanya mtihani wa chuo, akapita. Akarudi kwenye kitabu. Siku nne kabla ya mtihani wa leseni, seti ikawa na maswali hamsini tu. Kesho yake pia hamsini. Kiti cha pili kilikuwa kimenyooka mto wake, na chumba kilinuka vumbi la simenti kutoka dukani, basi. Aliona ni nafuu, muda haupotei. Hakumwambia mtu.

Tarehe ishirini na moja, saa tatu asubuhi, Maalim Ausi akaja kama walivyoagana. Alisoma mpaka adhuhuri ikaingia, akafukiza ubani, akamnywesha makombe mawili, akamwita mgeni kwa majina yote anayoyajua. Zeyana alikaa mkekani amekunja miguu, akimtazama kwa adabu. Mwishowe Maalim akamwinamia.

"Unahisi nini, mwanangu?"

"Sihisi kitu, Maalim."

"Mara ya mwisho kumsikia ni lini?"

Akamweleza. Maalim akakaa chini taratibu.

"Ameondoka?" mzee Nasor akauliza. "Maalim, si ndiyo ameondoka?"

"Ameondoka," Maalim Ausi akasema, bila kumtazama mtu. "Ameondoka mwenyewe, kabla hajaamriwa. Wala hakushusha kitu. Kaenda navyo vyote."

Matokeo yakatoka, Zeyana amepita kwa alama za juu. Mzee Nasor akachinja mbuzi wawili. Watu walikula, wakampongeza, na yeye akamjibu kila mmoja kwa tabasamu alilojifunza kulitoa mahali panapostahili.

Wiki iliyofuata Bi Biubwa akahamia kwa mdogo wake, Unguja. Alisema ni kwa ajili ya ngazi, moyo haumudu tena kupanda na kushuka. Bajaji ilipokuja akamkumbatia Zeyana kizingitini, akalia kwa sauti, kilio cha mama anayemzika mtoto, mpaka majirani wakatoka. Zeyana akamshika mkono. Bi Biubwa akatulia kidogo kwa kuuona mkono ule, akainua uso kumtazama, kisha akatambua vidole viwili vilikuwa wapi: juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, vimekaza, na midomo ya Zeyana ikihesabu.

"Themanini na nane," Zeyana akasema. "Si mbaya, Shangazi. Unaweza kusafiri."